Kutoka Serikalini Hadi Machakos: Kiongozi Anapojiuzulu, Tuulize Nini?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hufufuka kila mara afisa mkubwa wa serikali anapoandika barua ya kujiuzulu. Siku hiyo hiyo barazani, sokoni, harusini na katika makundi ya simu huanza kazi moja tu, nayo ni kukisia. Huyu ataka ugavana. La, huyu ataka useneta, ugavana ni kisingizio. Hapana, huyu amepanga na fulani, mwaka ujao mtamwona amesimama kando ya fulani. Mke husema lake, mume lake, na mara nyingine chakula cha usiku hupoa mezani kwa ajili ya mtu ambaye hata hawajawahi kumwona kwa macho.

Makisio haya yanakuja tena. Uchaguzi Mkuu wa Kenya umepangwa kufanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 inamtaka mtumishi wa umma anayekusudia kugombea kiti aache kazi angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Kwa hiyo, mwanzoni mwa Februari 2027 tutazisikia barua za kujiuzulu zikifuatana, na kila barua itazaa makisio yake. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji, hasa akina mama ambao kura zao hutafutwa sana na maswali yao husikilizwa kidogo, ajue la kuuliza wakati huo. Mfano wetu utakuwa Machakos, kwa sababu kaunti hiyo imeyapitia haya mara mbili, na ina mengi ya kutufunza.

Machakos na milango yake miwili

Sisi wa Pwani twaijua Machakos kwa njia ya safari. Anayepanda basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi huipita njia panda ya kuelekea mjini humo kabla ya kufika Mto Athi. Lakini uhusiano wetu ni wa kale kuliko lami. Misafara ya Wakamba ilishuka Pwani na biashara ya pembe katika karne ya 19, na misafara ya Waswahili nayo ilipanda bara kwa njia hizo hizo. Mji wenyewe, uliopata jina lake kwa mzee Masaku, ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza huko bara kabla ya makao hayo kuhamia Nairobi mwaka 1899. Leo ni kaunti ya watu 1,421,932 kwa hesabu ya mwaka 2019, na Waislamu waliomo humo, ingawa ni wachache, wanakunywa maji yale yale na kujifungulia katika hospitali zile zile na jirani zao.

Mwaka 2012, Dkt. Alfred Mutua, mzaliwa wa Masii, alijiuzulu wadhifa wa Msemaji wa Serikali. Alikuwa ameushika tangu mwaka 2004, wakati wa Rais Mwai Kibaki, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutumikia. Wakenya walimjua kwa sura na sauti, maana kila serikali ilipokuwa na la kueleza au la kujitetea, yeye ndiye aliyesimama mbele ya kamera. Ofisi yake ndiyo iliyoeneza ule msemo wa Najivunia Kuwa Mkenya. Alipoondoka, makisio yalikuwa mengi, na si ajabu. Katiba mpya ya mwaka 2010 ilikuwa imezaa kaunti 47, na hapakuwa na mtu hata mmoja nchini aliyewahi kuwa gavana. Kiti kilikuwa kigeni, na kila mwenye jina alihesabiwa kuwa anakitamani.

Jawabu lilikuja tarehe 4 Machi 2013, alipochaguliwa gavana wa kwanza wa Machakos kwa tiketi ya chama cha Wiper. Mwaka 2016 alianzisha chama chake, Maendeleo Chap Chap, na kwa chama hicho akashinda tena mwaka 2017. Ushindi huo ulibatilishwa na Mahakama ya Rufaa mwezi Juni 2018, kisha ukarejeshwa na Mahakama ya Juu mwezi Desemba mwaka huo huo. Vipindi vyake viwili vilipomalizika mwaka 2022, aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Nje, mwaka uliofuata akahamishiwa Utalii, mwezi Julai 2024 akaondoka pamoja na mawaziri wenziwe Rais alipolivunja baraza, na mwezi Agosti akarejeshwa kuwa Waziri wa Kazi.

Mlango wa pili ni wa Bi. Wavinya Ndeti. Aliingia bungeni mwaka 2007 kuwakilisha Kathiani. Aliutaka ugavana wa Machakos mwaka 2013 akashindwa, akautaka tena mwaka 2017 akashindwa, na mara zote mbili mshindi alikuwa Dkt. Mutua. Baadaye aliteuliwa kuwa msaidizi wa waziri katika Wizara ya Uchukuzi. Mapema mwaka 2022 akaiacha kazi hiyo ili agombee mara ya tatu, na mwezi Agosti akashinda. Hivyo basi, magavana wawili wa kwanza wa Machakos, mwanamume na mwanamke, wote waliingia kwa mlango mmoja: mlango wa kujiuzulu cheo cha serikali kuu.

Pwani nayo imeuona mlango huo. Bw. Gideon Mung'aro aliacha wadhifa kama ule wa Bi. Ndeti, akachaguliwa gavana wa Kilifi mwaka 2022. Jirani yake wa Kwale, Bi. Fatuma Achani, hakulazimika kuacha lolote. Alikuwa naibu gavana kwa miaka 9, na sheria haiwagusi manaibu gavana, magavana, wabunge wala wawakilishi wadi kwa kifungu hicho. Aligombea akiwa ofisini, akawa miongoni mwa wanawake saba waliochaguliwa magavana mwaka huo. Tofauti hii ni muhimu kuijua, kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba aliyejiuzulu amejitolea mhanga na aliyebaki ameng'ang'ania kiti. Ukweli ni kwamba mara nyingi wote wawili wametii sheria tu.

Si kila kujiuzulu ni kumoja

Kosa letu la kwanza katika makisio ni kuweka kila barua ya kujiuzulu katika kapu moja. Historia ya nchi zetu yaonyesha kuwa watu huacha vyeo kwa sababu mbalimbali, na sababu ndiyo inayoupa uamuzi uzito wake.

Kuna anayejiuzulu kwa kuwajibika. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania katika miaka ya 1970, wakati watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola walipopoteza maisha huko Shinyanga na Mwanza. Yeye hakuwa ameua mtu, lakini wizara ilikuwa yake, basi akaondoka. Akaenda kuwa balozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kama mtu angekisia siku ile alipoandika barua, angesema safari yake imekwisha. Kilichomrudisha, kwa maoni ya wengi waliomwandika, ni heshima aliyoipata kwa namna alivyotoka.

Kuna anayejiuzulu kwa kutofautiana. Bi. Martha Karua aliacha Wizara ya Haki na Masuala ya Katiba mwezi Aprili 2009, akieleza kwamba hawezi kuifanya kazi yake ipasavyo. Miaka minne baadaye aligombea urais na hakushinda. Mzee Kibaki mwenyewe aliiacha serikali ya Rais Moi mwishoni mwa mwaka 1991, akaanzisha chama, akashindwa mwaka 1992, akashindwa mwaka 1997, akashinda mwaka 2002.

Kuna anayeondoka na siasa ikamwisha. Mzee Aboud Jumbe alilazimika kuuacha urais wa Zanzibar mwezi Januari 1984, na nafasi yake ndiyo aliyoishika Mzee Mwinyi. Aliishi Mji Mwema, Kigamboni, akijishughulisha na dini na uandishi, mpaka alipofariki mwaka 2016.

Na kuna anayejiuzulu kwa sababu kalenda ya uchaguzi imemtaka afanye hivyo. Dkt. Mutua na Bi. Ndeti ni wa kundi hili. Hakuna aibu ndani yake wala hakuna ushujaa. Ni mtu ameacha kazi moja kwenda kuomba nyingine. Kwa hiyo tunapoisikia barua ikisomwa kwa maneno ya kuhuzunisha, tujiulize kwanza: je, huyu amewajibika, ametofautiana na wenziwe, au ameitazama tarehe?

Dini yatuambia nini

Katika Surat Al-Hujurat, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anawaonya waumini wajiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi, kisha anakataza kupelelezana na kusengenyana. Mpangilio huo una hekima kubwa. Dhana humwongoza mtu kwenye upelelezi, na upelelezi humfikisha kwenye kusengenya. Ndivyo yalivyo makisio ya siasa. Tunaanza kwa kusema fulani ataka kiti, tunaendelea kwa kuchimba ya nyumbani mwake, na tunamaliza kwa kumla nyama mkewe, au mumewe ikiwa mgombea ni mwanamke. Na hapa akina mama wenzangu tukiri jambo moja lililo dhahiri: mwanamke anapojiuzulu ili agombee, maswali huhusu ndoa yake, mavazi yake na watoto wake kabla ya kazi yake. Mwanamume haulizwi hayo, na mara nyingi wanaomuuliza mwanamke ni wanawake.

Lakini tahadhari dhidi ya dhana haina maana kwamba tunyamaze. Cheo ni dhamana, na mwenye mali ana haki ya kuuliza habari za mali yake. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimuusia Abdurrahman bin Samura (R.A.) asiombe uongozi, akimfahamisha kwamba anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Alimweleza pia Abu Dharr (R.A.) kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiama utakuwa ni majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake. Upande wa pili tunaye Nabii Yusuf (A.S.), ambaye mwenyewe alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja sifa mbili: kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Wanavyuoni wamezioanisha habari hizi kwa kusema kwamba linalochukiza ni kuutaka uongozi kwa ajili ya nafsi, na linaloruhusiwa ni mwenye uwezo na uaminifu kujitokeza pale watu wanapomhitaji.

Basi tamaa ya cheo haijulikani kwa kukisia. Iko moyoni, na ya moyoni anayajua Muumba. Sisi tumeachiwa yanayoonekana: ulinzi na ujuzi. Je, mtu huyu alikilinda alichokabidhiwa? Je, ana ujuzi wa kile anachokiomba? Ukiyashika mawili haya, utaona kwamba nusu ya mazungumzo yetu ya barazani hayana faida.

Maswali matatu

Swali la kwanza ni hili: ameacha nini alikotoka? Kabla hatujauliza aendako, tutazame nyuma yake. Kama alikuwa wizarani, je, mradi aliousimamia umefika wapi? Alikuta nini na ameacha nini? Imepokewa katika vitabu vya historia kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa akiziorodhesha mali za magavana wake anapowateua, ili baadaye ijulikane kilichoongezeka. Sheria za Kenya nazo zimemtaka mtumishi wa umma atangaze mali na madeni yake anapoingia kazini na anapotoka. Anayejiuzulu, kwa hiyo, ana hesabu ya kutoa. Mgombea anapokuja mtaani na magari kumi, swali la adabu kabisa la kumuuliza ni lini alitoa hesabu hiyo, na kama yuko radhi wapiga kura waijue.

Swali la pili: kazi anayoiomba inafanana na ile anayoiweza? Hapa ndipo Machakos inapotufunza. Kazi ya msemaji ni maneno, na Dkt. Mutua aliyamudu. Kazi ya gavana ni nyingine. Katiba imezipa kaunti hospitali na zahanati, shule za chekechea, maji, masoko, barabara za kaunti na kilimo. Mama wa Yatta au Masinga, sehemu kavu za Machakos, hanufaiki na hotuba ikiwa bado anatembea na mtungi. Gavana wa kwanza alijenga, kati ya mengine, bustani ya umma mjini Machakos ambayo ilipata sifa nje ya kaunti, na watu wa huko wamebishana kwa miaka ikiwa fedha zilianzia mahali palipostahili kuanzia. Ubishi huo ni mzuri. Ni ubishi juu ya kazi iliyofanywa, ambayo kila mtu anaweza kwenda kuitazama, na ndio aina ya ubishi tunaopaswa kuwafunza watoto wetu.

Swali la tatu: akishindwa, atafanya nini? Bi. Ndeti alishindwa mara mbili na akarudi mara ya tatu. Mtu anaweza kumpenda au asimpende, lakini miaka 9 ya kushindwa ni mizani ya kumpimia mtu, kwa sababu inaonyesha kama alibaki na watu au aliwakumbuka msimu wa kura tu. Vivyo hivyo tumuulize aliyejiuzulu jana. Wangapi tumewaona wakizunguka vijijini miezi sita, wakashindwa, kisha hata salamu ya Idi wasituletee? Na wangapi walioshindwa wakateuliwa kwingine, wakasahau kabisa kisima walichotuahidi?

Barua za Februari na futari za Ramadhani

Kuna jambo moja zaidi ambalo familia zetu zinapaswa kulitazama mapema. Kwa hesabu za kalenda, mwezi mtukufu wa Ramadhani wa mwaka 1448 Hijria unatazamiwa kuandama mwanzoni mwa Februari 2027, siku zile zile ambazo barua za kujiuzulu zitakuwa zinawasilishwa. Wenye nia ya viti watakuwa wametoka ofisini upya, na misikiti yetu, madrasa zetu na vikundi vyetu vya akina mama vitakuwa mbele ya macho yao. Tutaletewa tende, unga, sukari na mafuta. Tutaalikwa futari katika kumbi kubwa, na baada ya futari kutakuwa na hotuba.

Kufuturisha ni ibada yenye malipo makubwa, na hatuna haki ya kuikataa sadaka ya Muislamu kwa kumdhania ubaya. Wala asiye Muislamu anayetuonyesha ujirani mwema hatumfukuzi. Lakini sadaka haina sharti. Ikifuatana na orodha ya majina, namba za vitambulisho au ahadi ya kura, imebadilika jina. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inaihesabu hongo ya mpiga kura kuwa ni kosa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake kwa pamoja. Mjane anayelea mayatima si wa kulaumiwa akipokea kilo mbili za unga. Wa kulaumiwa ni sisi viongozi wa vikundi tunaowapanga wajane mstari, tukapiga picha, kisha tukaenda kulipwa kwa hesabu ya vichwa.

Kila kikundi cha akina mama na kikae kabla ya Ramadhani hiyo, kiandike mambo matatu tu ambayo mtaa wake unayahitaji kutoka kwa kaunti: labda maji ya bomba, labda mkunga wa usiku katika zahanati, labda choo cha wasichana katika shule ya chekechea ya mtaani. Yeyote atakayekuja asomewe orodha hiyo, aulizwe ataanzia wapi na fedha zitatoka fungu gani, na jawabu liandikwe pamoja na tarehe. Karatasi hiyo ihifadhiwe. Miaka mitano si mingi, na atakayerudi mwaka 2032 atakuta tungali na maneno yake.

Nyumbani nako kuna kazi. Mume na mke si lazima wampigie kura mtu mmoja. Kura ni siri na ni amana ya kila mmoja wao, na mke hapaswi kutishwa kwa ajili yake, wala mume hapaswi kudharauliwa. Watoto wakitusikia tukijadili nani alijenga zahanati na nani hakuijenga, watajifunza kuwa raia. Wakitusikia tukila nyama za watu tusiowajua, watajifunza hilo pia.

Lisemwalo huenda lipo. Lakini tusilisubiri litimie ndipo tuamke. Barua ya kujiuzulu inapotangazwa, tuwaachie wengine kukisia anachokitaka aliyeiandika, nasi tuitafute hesabu ya alichokiacha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi walinzi na wajuzi, atuepushe na dhana na fitina, na atufikishe Ramadhani na uchaguzi kwa amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.